Jifunze fuvu, tando na ubongo kwa kichwa cha mbuzi: mwongozo kamili

Michoro ya ubongo kwenye vitabu vya shule huonyesha vitu bila kuonyesha nafasi zilizo kati ya vitu hivyo. Mwanafunzi anakariri majina ya tando tatu zinazofunika ubongo, yaani "dura", "araknoida" na "pia", anapata alama zake, kisha ndugu yake anaanguka na bodaboda na daktari anasema damu imevujia juu ya dura. Hajui kama hiyo ni afadhali au ni balaa.

Dawa yake ni kichwa cha mbuzi. Mbuzi si mtu, na tofauti nitazitaja tukizifikia, lakini mpangilio wa tabaka ni uleule: ngozi, mfupa, tando tatu, maji, ubongo. Ukizifungua kwa mikono yako mara moja, hutasahau kipi kiko juu ya kipi. Tenga saa mbili au tatu. Kama ni darasani, kichwa kimoja kinatosha wanafunzi wanne. Wakizidi hapo, wa nyuma wanaishia kupiga picha kwa simu.

Anza na kichwa chako mwenyewe

Kabla ya kisu, tumia vidole. Gusa paji la uso: huo ni mfupa mmoja mpana, unaoendelea hadi nyuma ya mstari wa nywele. Nyuma yake, utosini, kuna mifupa miwili, kulia na kushoto, iliyokutana katikati. Shuka kisogoni mpaka uguse kinundu kigumu. Hapo ni mfupa wa kisogo, na chini zaidi, ambako kidole hakifiki, una tundu kubwa ambamo ubongo unaungana na uti wa mgongo. Sasa weka vidole kwenye mapanja na uume meno. Msuli unavimba chini ya vidole. Chini ya msuli huo, mifupa minne tofauti inakutana kwenye eneo dogo, na fuvu hapo ni jembamba kuliko karibu sehemu nyingine yote. Kumbuka panja. Tutarudi hapo.

Mifupa inayoubeba ubongo ni 8 kwa jumla: wa paji, miwili ya utosi, miwili ya pembeni penye masikio, wa kisogo, na miwili iliyojificha kwa sehemu kubwa, mmoja nyuma ya macho na mwingine juu ya pua. Ya uso ni 14 na haituhusu sana leo.

Kama kuna mtoto mchanga nyumbani, nawa mikono umguse utosi taratibu. Mifupa yake bado haijakutana, na unachogusa hapo ni ngozi na utando tu. Kwa watoto wengi utosi hufunga kati ya mwezi wa 12 na wa 18, na ule mdogo wa kisogoni hufunga mapema zaidi. Ukibonyea wakati mtoto anaharisha, amepungukiwa maji. Ukivimba na kukaza wakati ametulia na umemkalisha wima, kuna shinikizo ndani ya kichwa. Yote mawili yanataka hospitali siku hiyohiyo, na dawa ya kupaka utosini haisaidii lolote.

Kununua kichwa na kujikinga

Nenda machinjioni au buchani asubuhi, siku hiyohiyo ya kazi. Ubongo hulainika haraka mnyama akishachinjwa, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa kichwa cha jana jioni hakifai. Omba kisichochomwa manyoya, na sema mapema kabisa kwamba kisipasuliwe, maana mkono wa muuzaji umezoea: ukitamka tu "kichwa", shoka limeshashuka katikati. Bahati yetu ni kwamba mbuzi wa huku huchinjwa kwa kisu shingoni. Kwingine hutumia kifaa cha kupenyeza chuma kwenye fuvu ili kumzimisha mnyama kwanza, na hapo ubongo unakuwa umeshaharibika.

Chagua mbuzi mdogo mwenye pembe fupi au asiye nazo. Beberu mzee ni adhabu.

Mnyama awe amekaguliwa na mkaguzi wa nyama. Nyamafu usiiguse hata ukipewa bure: kimeta humpata mbuzi, na kichaa cha mbwa humpata pia, na virusi vyake makao yao makuu ni ubongo. Vaa glavu mbili kila mkono, barakoa, na miwani ya fundi, kwa sababu msumeno hurusha vumbi la mfupa. Mwenye kidonda mkononi ashike daftari, asishike kisu.

Vifaa vingine vinapatikana duka la vifaa vya ujenzi na duka la dawa: msumeno wa kukatia chuma (wa mbao una meno makubwa mno), tindo, kisu kidogo kikali, mkasi mdogo, kibano, bomba la sindano, sinia na maji ya klorini. Ongeza rangi ya chakula, nyekundu au ya buluu.

Ngozi, kisha mfupa

Chuna ngozi kuanzia kati ya macho hadi shingoni. Kwa binadamu, ngozi hii ina mishipa mingi ya damu iliyoshikwa na nyuzi ngumu, na nyuzi hizo huizuia mishipa isijifunge inapokatika. Ndiyo sababu jeraha dogo la kichwani humwaga damu nyingi kuliko ukubwa wake. Damu hiyo inatisha lakini huzuilika: bana kwa kitambaa safi kwa dakika kumi bila kufunua ili kuchungulia. Ukihisi mfupa umebonyea chini ya jeraha, usikandamize hapo. Funika tu na umwahishe hospitali.

Ondoa misuli ya mapanja na ya shingo mpaka mfupa ubaki mtupu. Tafuta mishono, yaani mistari iliyopindapinda ambako mfupa mmoja umeshonana na mwingine. Kwa mbuzi mdogo inaonekana vizuri. Kwa mzee imeshaanza kufutika.

Mikato ni mitatu, bila kuhesabu pembe. Kwanza kata pembe kwenye mashina yake kama zipo. Kisha pitisha msumeno kuvuka paji, nyuma kidogo ya macho, upande hadi upande. Mikato miwili iliyobaki inaanzia kwenye tundu kubwa la kisogoni, kila mmoja upande wake, juu tu ya vifundo viwili vinavyokalia shingo, na inapanda mpaka ikutane na miisho ya mkato wa mbele.

Kwenye mkato wa mbele msumeno utapita mfupa, utaingia kwenye uwazi, kisha utakutana na mfupa mwingine. Usidhani umefika. Huo ni uwazi wa paji, sinasi, ambao kwa mbuzi ni mpana na unaingia hadi ndani ya mashina ya pembe. Wewe pia unao, mdogo, juu ya nyusi. Ndio unaouma ukipatwa na mafua makali.

Usikate hadi mwisho. Ukihisi mfupa umebaki kidogo, pachika tindo kwenye mkato na uizungushe. Mfupa utaachia wenyewe. Tindo ikipigwa kwa nyundo hupenya na kusaga ubongo. Kipande kikilegea, tazama ukingo wake: bamba gumu nje, bamba gumu ndani, na katikati mfupa wenye vitundu na uboho. Fuvu la mtu mzima lina unene wa takribani milimita 6 au 7 kwa wastani, lakini kwenye panja linaweza kushuka hadi milimita 2 hivi.

Tando tatu

Hapa punguza mwendo. Unaponyanyua kipande cha fuvu, ingiza mpini bapa wa kijiko kati ya mfupa na kilichoushika kwa chini, uachanishe kidogo kidogo. Kinachobaki chini ni utando mweupe unaong'aa. Hiyo ni dura. Jaribu kuichana kwa vidole, haichaniki.

Tazama ulichofanya. Umelazimisha nafasi ambayo mnyama akiwa hai haikuwepo, kwa kuwa dura ilikuwa imegandana na mfupa. Kwa binadamu nafasi hiyo hufunguka kitu kinapoifungua kwa nguvu, na mara nyingi kitu hicho ni damu ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kwa nguvu. Geuza kipande cha fuvu uone upande wa ndani: kuna michirizi iliyoachwa na mishipa. Kwenye fuvu la mtu, ateri kubwa ya tando hupita ndani ya panja, palepale mfupa ulipo mwembamba. Dereva wa bodaboda asiye na kofia ngumu akipigwa panja, mfupa unapasuka na kuichana ateri, na damu inaibandua dura kutoka kwenye mfupa kidogo kidogo.

Kinachoua watu ni mwendo wake. Majeruhi anaweza kuzimia kidogo, akaamka, akaomba maji, akataja namba ya pikipiki. Watu wanamshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani alale. Lakini fuvu la mtu mzima halitanuki. Limejaa ubongo, damu na maji, na kimoja kikiongezeka lazima kingine kisukumwe. Saa chache baadaye ubongo unasukumwa chini kuelekea kwenye lile tundu kubwa, na shina lake, ambalo ndilo linaloendesha pumzi, linabanwa. Akiwahiwa, upasuaji wa kutoa damu hiyo huokoa maisha kabisa.

Kwa hiyo aliyepigwa kichwa akaonekana mzima asiachwe peke yake siku hiyo na usiku wake. Kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, usingizi usioamshika kirahisi, maneno yasiyoeleweka, degedege, mkono au mguu kulegea, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine: mojawapo tu likitokea, hospitali yenye kipimo cha CT (picha ya ndani ya kichwa), usiku huohuo. Maji maangavu au yenye damu yakitoka puani au sikioni, fuvu limepasuka kwa chini na tando zimechanika. Usizibe kwa pamba. Na dawa ya maumivu isiwe aspirini wala diklofenaki, maana huchelewesha damu kuganda.

Rudi kwenye sinia. Katikati ya dura, kutoka mbele kwenda nyuma, kuna mstari mweusi. Huo ni mfereji wa damu chafu uliomo ndani ya dura yenyewe. Kata dura kwa mkasi pembeni mwa mstari huo, uinue taratibu ukielekea katikati, na utaona vijishipa vyembamba vinavyotoka juu ya ubongo na kuvuka kwenda kumwaga damu kwenye mfereji. Vinakatika ukivitazama tu.

Vijishipa hivyo ndivyo vinavyowaponza wazee. Ubongo hupungua kidogo kwa umri, vijishipa vinabaki vimevutika, na kujigonga kidogo kwenye mlango kunatosha kukata kimoja. Hii ni damu ya vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, haina nguvu, inajikusanya chini ya dura kwa wiki kadhaa. Babu aliyejigonga mwezi uliopita na sasa anasahau majina, anasinzia mchana na kuburuta mguu, watu husema ni uzee, wengine husema amerogwa. Apigwe picha ya kichwa kwanza. Mara nyingi damu hiyo hutolewa kwa kutoboa matundu madogo kwenye fuvu, na mzee akarudi katika hali yake.

Ukiendelea kufungua utakuta dura imejikunja kuingia ndani mara mbili: pazia moja limesimama kati ya nusu mbili za ubongo, lingine limelala kati ya ubongo mkubwa na ubongo mdogo wa nyuma. Kazi yake ni kuzuia ubongo usiyumbe. Yakate yote mawili, la sivyo ubongo hautatoka.

Chini ya dura, ubongo unaonekana kuwa na mng'ao. Huo ni utando wa pili, araknoida, mwembamba na unaopitisha mwanga. Wengi wanaukosa kabisa, kwa hiyo tumia bomba la sindano: vuta maji yenye rangi, choma sindano karibu usawa na uso wa ubongo, chini tu ya mng'ao, usukume kidogo. Rangi itasambaa kufuata mabonde ya ubongo. Usipofaulu juu, jaribu nyuma, kati ya ubongo mdogo na uti wa mgongo, ambako utando huu umeachana na ubongo kwa nafasi kubwa zaidi.

Humo ndimo yanamokaa maji ya ubongo. Mtu mzima ana takribani mililita 150 kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu mililita 500 kwa siku, maana yake maji yote hubadilishwa zaidi ya mara tatu kila siku. Ubongo wa mtu una uzito wa gramu 1,300 hadi 1,400. Ukielea ndani ya maji hayo, unaoulemea mwili ni kama gramu 50 tu. Mshipa ukipasuka kwenye nafasi hii mtu husema kichwa kimempasuka ghafla, maumivu ambayo hajawahi kuyapata. Vijidudu vikiingia humo ndiyo homa ya uti wa mgongo: homa, kichwa, shingo kukakamaa, mwanga kuumiza macho.

Na hapa niseme neno kuhusu ile sindano ya mgongoni, ya kuvuta maji haya ili yapimwe. Ndugu wengi hukataa mgonjwa asichomwe kwa kuwa wamesikia inalemaza. Tando na maji vinashuka chini mgongoni kuliko uti wenyewe. Kwa mtu mzima uti wa mgongo huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na sindano huchomwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, ambako kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea. Aliyepooza baada ya homa ya uti wa mgongo kwa kawaida amepoozeshwa na ugonjwa, na kukataa sindano huwanyima madaktari kujua ni kijidudu gani wanapigana nacho.

Utando wa tatu, pia, umeng'ang'ania ubongo na unaingia nao kila bonde. Huwezi kuuchuna wote. Bana mshipa mmoja wa damu kwa kibano uuvute polepole. Utainuka na kipande cha utando uliokuwa umeushika.

Kuutoa ubongo

Inamisha kichwa pua ikitazama juu ili ubongo uelekee kuangukia mkononi kupitia nyuma, na ingiza mkasi kwa mbele. Vya kwanza kukata ni vinundu viwili vya kunusia, vikubwa kwa mbuzi. Vya kwako ni vidogo mno, vimelala chini ya paji. Kinachofuata ni neva nene za macho, zinazokutana na kupishana kwa umbo la X. Nyuma yake tu kuna kishina cha tezi ya pituitari, ambayo imekaa kwenye shimo lake la mfupa na mara nyingi hubaki humo. Ifukue baadaye kwa ncha ya kisu. Endelea kukata neva kulia na kushoto. Ziko jozi 12 kwa jumla, na usijisumbue kuzitambua zote siku ya kwanza.

Ubongo mbichi hauvumilii kushikwashikwa. Ukitaka kuukata vizuri, uzamishe kwenye spiriti ya hospitali kwa siku kadhaa, ndani ya chombo chenye mfuniko kisichotumika jikoni tena, mbali na moto. Utakaza. Formalini inakaza vizuri zaidi, lakini hiyo iachie maabara yenye hewa ya kutosha na mtu anayeijua.

Kuukata na kuusoma

Tazama kwanza kwa nje. Ubongo mkubwa una nusu mbili zenye mikunjo. Ubongo mdogo uko nyuma, mikunjo yake ni midogo na imebanana. Chini yake shina la ubongo linashuka kuwa uti wa mgongo. Kwa binadamu ubongo mkubwa umekua mpaka umeufunika ule mdogo kwa juu, na sehemu yake ya mbele ni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na ya mbuzi. Huko mbele, kwa watu wengi upande wa kushoto, ndiko kunakoendesha utamkaji wa maneno. Paul Broca, daktari wa Paris, alilionyesha hilo mwaka 1861 alipofungua ubongo wa mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka karibu neno moja tu, "tan". Mtu aliyepata kiharusi akawa anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki, mara nyingi ameumia jirani na hapo. Msizungumze juu yake kana kwamba hasikii.

Sasa kata katikati, nusu kwa nusu, kwa kisu kirefu na kwa mvuto mmoja. Utaona mkanda mweupe uliopinda unaounganisha nusu mbili, na ndani ya ubongo mdogo matawi meupe yaliyosambaa kwenye kijivu. Kata tena nusu moja kwa kuvuka, utaona ganda la kijivu nje, ambako kuna seli, na weupe ndani, ambao ni nyuzi.

Katikati kuna vyumba vya maji. Ndani yake tafuta kijinyama chekundu kilichokunjamana, koroidi, ambacho ndicho kinachotengeneza yale maji. Njia za kutoka vyumbani humo ni nyembamba sana. Moja ikiziba kwa mtoto ambaye mifupa ya kichwa bado haijashikana, maji yanajaa na kichwa kinakua. Ndicho kichwa kikubwa tunachokiona kwenye kliniki, mara nyingi pamoja na mgongo wazi. Kwa muda mrefu tiba ilikuwa kupitisha mpira kutoka ubongoni hadi tumboni, na mpira huziba, na mama anayeishi mbali na hospitali hajui umeziba. Mbale, mashariki mwa Uganda, daktari Benjamin Warf aliunganisha njia mbili kwenye hospitali ya watoto ya CURE: kutoboa mlango mpya kwenye sakafu ya kimoja cha vyumba hivyo vya maji, kiitwacho chumba cha tatu, na kuunguza sehemu ya koroidi ili maji yapungue. Mbinu hiyo imetoka Mbale ikaenda kufundishwa Marekani. Ukiishika koroidi ya mbuzi wako kwa ncha ya kibano utaona jinsi kitu chenyewe kilivyo kidogo.

Kutupa mabaki

Usimpe mbwa. Ukikata ubongo ukakuta kifuko cha maji maangavu chenye vidoa vyeupe ndani, huyo ni mdudu wa tegu katika hatua yake ya utoto. Mbuzi mwenye kifuko hicho huzunguka mahali pamoja akiwa hai; Wamasai wa Ngorongoro wanaujua ugonjwa huo, wanauita ormilo. Mbwa akila kichwa hicho, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, mbuzi wengine wanayala na majani. Kwa hiyo choma mabaki yote, au yafukie kwenye shimo la kina cha kiuno. Ubongo ulioloweshwa spiriti ufukie pia, usiuchome. Osha vifaa kwa sabuni, viloweke kwenye maji ya klorini, kisha suuza na ukaushe msumeno mara moja usipate kutu. Juu ya shimo weka jiwe zito. Mbwa wa mtaani hufukua.